Nikimpa baba mofini halafu akafa, si nitakuwa nimemuua mimi?

"Shikamoo. Baba yetu ana miaka 71, ana saratani ya tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, mwezi uliopita madaktari wakatuambia turudi nae nyumbani Tanga tumuuguze, tukapewa na mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, karatasi imeandikwa ml 5 kila baada ya masaa manne. Ukweli hatumpi hivyo. Tunampa akizidiwa tu, maana kaka yetu mkubwa yuko Ohio anasema hiyo dawa ndo inayomaliza watu Marekani na baba atakuwa teja, na shangazi anasema itamzubaisha afe bila kutamka shahada. Mchana anajikaza ila usiku tukimpa saa nne analala kidogo, ikifika saa nane anaanza kulia mpaka majirani wanasikia. Tumeshamchoma na sindano za diklofenaki za duka la dawa, hazisaidii. Wiki iliyopita mdogo wangu alimuonea huruma akampa dozi mbili kwa pamoja saa nne usiku, baba akalala moja kwa moja mpaka asubuhi, ndugu wakamshukia mdogo wangu kwamba alitaka kumuua mzee. Sasa hivi chakula hali, anakunywa uji vijiko viwili vitatu tu. Mimi ndo nashinda nae. Nikimpa hiyo dawa kama walivyoandika halafu akafa, si nitakuwa nimemuua mimi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole wewe na pole ya mzee. Mimi ni nesi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu na mateso wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi, hii ndo kazi yangu ya kila siku, na swali lako la mwisho nitalijibu kwanza kwa sababu najua ndo linalokunyima usingizi. Hapana. Ukimpa baba mofini kwa kipimo alichoandikiwa na kwa masaa aliyoandikiwa, hutakuwa umemuua. Kinachomuondoa baba yako ni saratani iliyoingia kwenye mifupa, wala sio hiyo chupa. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa walio kwenye siku zao za mwisho hazikuona kwamba mofini inayotolewa kwa utaratibu inawafupishia maisha, na mimi mwenyewe nimeona wazee wakianza kupata usingizi, wakaanza kuongea na watu, wengine hata uji wanaomba wenyewe, kwa sababu mtu mwenye maumivu makali hali, halali, hageuki kitandani, na hayo yote yanammaliza.

Halafu kuna kitu nataka ukijue mapema kabla hakijatokea, maana nimeona familia zikigombana miaka kwa ajili yake. Mgonjwa anayepewa dawa kila masaa manne, kifo kikija lazima kitamkuta ndani ya masaa manne tangu dozi fulani. Haiwezekani vinginevyo, hata angekuwa anapewa maji ya kunywa kila masaa manne ingekuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo siku hiyo ikifika kutakuwa na mtu aliyetoa dozi ya mwisho, huenda ukawa wewe, huenda mdogo wako, na kuna ndugu atasema "alipopewa tu ile dawa, akafa". Hilo neno liongeleeni sasa, wote, baba akiwa hai, mkubaliane kwamba atakayekuwa zamu siku hiyo hajafanya kosa lolote.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe, manake nikisoma ulivyoeleza naona dawa haijashindwa, haijapewa nafasi ya kufanya kazi. Mofini ya maji ukimeza inachukua kama nusu saa kuanza kusikika, inafika kileleni kwenye lisaa limoja hivi, halafu inapungua na ikifika masaa manne imeisha mwilini kiasi cha kutomsaidia tena. Angalia sasa hilo la usiku: mnampa saa nne, saa nane analia. Ni masaa manne kamili hayo. Mzee hajawa sugu wala hajapandwa na mashetani kama baadhi ya watu wanavyoanza kusema, ni dozi imeisha na hakuna aliyempa nyingine. Mkisubiri alie ndo mumpe, kuna nusu saa nzima ya kulia kabla haijaanza kufanya kazi, na katika hiyo nusu saa nyinyi mnachanganyikiwa, mnasema dawa haifai, mnaongeza diklofenaki, wengine wanaongeza na tramado ya jirani, nayo ni dawa ya maumivu, alafu vyote vinakuja kukolea kwa pamoja na mgonjwa anazima ghafla na mnaogopa zaidi. Hofu mnayoiona kwenye dawa kwa sehemu kubwa inatokana na namna mnavyoitoa.

Maumivu ya saratani ni kama moto uliodondokea kwenye paa la makuti, ukiuwahi ukiwa cheche, kata moja ya maji inatosha, ukiuacha ukashika paa hata pipa halikusaidii. Mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo ikipigwa muda mrefu inakuwa nyepesi, inapiga kelele hata kwa kuguswa na shuka tu, na hapo unahitaji dawa nyingi kuituliza kuliko ambayo ungehitaji ungeiwahi. Ndo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwongozo wake wa mwaka 1986 linasema dawa ya maumivu ya saratani itolewe kwa mdomo na itolewe kwa saa, yaani unaangalia saa ya ukutani badala ya kuangalia uso wa mgonjwa. Ratiba tunayofundisha familia ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Na hapo saa nne usiku, sikiliza vizuri, tunafundisha kwamba mgonjwa apewe dozi mbili kwa pamoja ili asiamke saa nane na maumivu na nyinyi pia mlale.

Umeona? Alichokifanya mdogo wako kwa huruma ndo kilekile tunachokifundisha. Mzee hakuwa amezimia, alikuwa amelala, mtu ambaye hajalala usiku mzima kwa wiki kadhaa akipata nafuu analala kama mtoto na anaweza kulala masaa kumi. Tafadhali mwiteni huyo kijana, mwambieni mbele ya hao hao waliomshambulia kwamba hakutaka kumuua baba yake. Asibaki nalo hilo moyoni maisha yake yote.

Ila sitaki uchukue hilo uanze kuongeza dozi kichwani kwako, kuna tahadhari mbili na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni kipimo. Ml 5 ni ujazo tu, haisemi ndani yake kuna mofini kiasi gani. Chukua hiyo chupa sasa hivi usome lebo, itakuwa imeandikwa mg kadhaa ndani ya ml kadhaa. Mofini ya maji inatengenezwa kwa nguvu tofauti tofauti, ipo nyepesi na ipo nzito mara kumi ya hiyo, na chupa mpya mtakayoletewa inaweza isiwe sawa na ya kwanza, kwa hiyo ml 5 za jana zikawa sio ml 5 za leo. Mtu mzima anayeanza kwa kawaida hupewa mg 5 kwa dozi, mzee aliyedhoofika wengine tunaanza na mg 2.5, baadae inapanda taratibu kadri maumivu yanavyosema. Rangi ya dawa isikudanganye. Uganda wana utaratibu wao wa kutofautisha nguvu kwa rangi, lakini wewe soma maandishi, kama yamefutika piga simu hospitali iliyokupa. Na pimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana.

Ya pili ni figo, na kwa mgonjwa wa tezi dume hili ni kubwa. Mofini ikishafanya kazi mabaki yake yanatoka kwenye mkojo. Tezi ikibana njia ya mkojo au figo zikichoka, yale mabaki yanabaki mwilini na yenyewe yana nguvu, kwa hiyo dozi ile ile iliyokuwa sawa wiki mbili zilizopita inakuwa kubwa bila nyinyi kubadilisha kitu. Dalili zake zipo wazi kama unajua cha kuangalia: mkojo umepungua sana au umeacha kabisa, misuli inarukaruka yenyewe mikono na miguu, anaona vitu ambavyo havipo, anasinzia katikati ya sentensi na kila siku inazidi. Ukiona hivyo usiitupe dawa na usiikate ghafla, mpigie nesi au daktari siku hiyo hiyo, atapunguza dozi au ataweka nafasi kubwa zaidi, masaa sita au nane badala ya manne. Na hapa ndo nakuombeni muache zile sindano za diklofenaki, maana zinabana figo hizo hizo, zinachubua na tumbo la mtu ambaye hali, na mkizichanganya na figo zilizochoka mnaifanya mofini iwe hatari, wakati yenyewe haikuwa na shida. Kuna wagonjwa wa mifupa ambao tunawapa dawa za jamii hiyo kwa makusudi na zinasaidia, lakini ni baada ya kujua figo zikoje, sio kununua tu dukani.

Utajuaje kama amelala au amezidishiwa? Muite jina, mguse bega. Aliyelala atafungua macho, ataitika hata kwa kuguna, halafu arudi kulala. Kisha hesabu pumzi zake dakika moja nzima kwa saa, usikadirie. Mtu mzima anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, mgonjwa aliyelala kwa mofini anaweza kuwa chini kidogo ya hapo na yuko salama. Kama haamki kabisa ukimtikisa na pumzi ziko chini ya nane kwa dakika, na jana yake tu alikuwa anaongea na watu, usimpe dozi inayofuata, piga simu au mpeleke. Mofini haimuui mtu kimyakimya akiwa macho anaongea, inaanza kwanza na usingizi mzito unaozidi na kuzidi, pumzi zinafuata baadae, kwa hiyo mkiwa mnamuangalia mtaona.

Kuhusu kaka yako wa Ohio, tafadhali msimuone mbaya. Haongopi. Anayoyaona huko yametokea kweli, Ohio ni moja ya majimbo yaliyoumia sana na uteja wa dawa za maumivu, na kampuni ya Purdue Pharma iliyoanza kuuza OxyContin, vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya mofini, mwaka 1996 ilikuja kukiri makosa ya jinai mahakamani mwaka 2020. Lakini yale ni mambo ya vidonge vikali vilivyogawiwa kwa mamilioni ya watu, wengi wana mgongo unaouma tu au wametoka kung'olewa jino, halafu vikaingia mtaani, na baadae ikaja fentanili ya magendo, dawa ya jamii hiyo hiyo ila kali zaidi, ambayo anayeitumia hajui kapewa kiasi gani. Baba yako ana saratani kwenye uti wa mgongo, amepimiwa, ana karatasi, kuna anayemuangalia. Uteja ni kuitamani dawa na kuitafuta hata inapokuharibia maisha. Mgonjwa wetu anaitafuta kwa sababu anaumia, akitulia haiulizii. Kweli mwili unaizoea, na ndo maana nikasema isikatwe ghafla manake atatetemeka, atatoka jasho, ataharisha na maumivu yatarudi kwa kishindo, lakini mwili kuzoea dawa sio uteja. Na hata dozi ikipanda, mara nyingi ni ugonjwa umesonga mbele. Mofini haina kiwango cha mwisho ambacho ukikifikia haisaidii tena, kwa hiyo kuanza sasa hakumalizi akiba ya kesho.

Mimi kwa uzoefu wangu ndugu aliye mbali anabana zaidi kwa sababu anaumia kwamba hayupo. Kaka mpeni kazi. Mpigie video dozi ikitolewa, ahesabu pumzi na wewe nusu saa baadae na lisaa baadae, amuone baba akigeuka kitandani bila kulia. Nimeona hilo likituliza watu ambao maneno ya kitaalamu hayakuwatuliza.

Shangazi nae namheshimu sana kwa hoja yake, kwa Muislamu hakuna jambo kubwa kuliko lile neno la mwisho. Lakini hebu jiulizeni saa nane usiku mzee anapolia, je anaweza kutamka chochote? Anaweza kuswali hata kwa ishara ya macho? Maumivu makali yanaiteka akili kuliko mofini inavyoizubaisha. Usingizi wa mofini ni wa siku mbili tatu za mwanzo au dozi ikipandishwa, baada ya hapo mwili unazoea na wengi wanarudi kuwa wazima wa akili, wanaongea, wanatoa wasia, wanaswali wamelala. Ila nyinyi kwa sababu mnampa leo mnaacha kesho, kila siku kwake ni siku ya kwanza, kwa hiyo huo uzubaifu shangazi anaouona hauishi. Mkitoa kwa saa utapungua. Na kama kuna wakati baba anataka awe macho zaidi, tuseme Ijumaa au wajukuu wakija, mwambieni nesi apange, dozi inaweza kusogezwa kidogo. Mashekhe niliowahi kukaa nao kwenye vitanda vya wagonjwa hawajanizuilia dawa ya mtu anayeteseka, lakini msichukue kwangu, muiteni imamu wenu aje amuone mzee mwenyewe na mumueleze kwamba nia ni kuondoa maumivu. Na mjue kwamba siku za mwisho kabisa wagonjwa wengi wanaingia kwenye usingizi ambao dawa haihusiki nao, ni mwili unafunga, hata asiyewahi kuonja mofini analala hivyo. Inaaminika kusikia kunabaki mpaka mwisho, kwa hiyo mlakinieni shahada taratibu karibu na sikio, bila kumlazimisha aitikie.

Na kuna mtu mmoja sijamsikia kwenye maelezo yako yote. Kaka amesema, shangazi amesema, ndugu wamesema. Baba mwenyewe anasemaje? Ana miaka 71, amewalea nyote, ubongo wake unafanya kazi, kwa nini hamjamuuliza? Kaa nae asubuhi akiwa ametulia umuulize, baba unaumwa kiasi gani, unataka tukupe dawa hii kila wakati hata kama utasinzia kidogo, au unataka vipi. Sisi tunatumia mkono, ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makubwa kuliko yote, anakuonyesha tu hata kama hana nguvu ya kuongea. Akishasema, hilo ndo liwe neno la nyumba. Wazee wetu wa kiume wanajikaza sana, na wewe umesema mwenyewe mchana anajikaza, kujikaza sio kupona.

Kuna mambo mengine yanamuumiza ambayo mofini haiyawezi peke yake. Choo kwanza. Mofini inafunga choo kwa karibu kila mgonjwa, na hili mwili hauzoei kama unavyozoea usingizi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza anatakiwa awe na dawa ya kulainisha choo kama bisakodili usiku, kama hamkupewa ombeni, na kama hazipatikani kuna familia tunazifundisha kukausha mbegu za papai wakazisaga wakampa kijiko kwenye uji. Choo kilichokaa siku tano tumboni kinamfanya mtu ahangaike, atapike, akatae chakula, na watu wanadhani ni saratani. Kichefuchefu cha siku za mwanzo nacho kina dawa yake na kinapita. Halafu mkojo: mzee wa tezi dume akianza ghafla kuhangaika, anavuta shuka, anataka kushuka kitandani, kabla hujafikiria mofini mguse chini ya kitovu, kama kumejaa kumekuwa kugumu huenda mkojo umeziba, na mpira wa mkojo utamtuliza kwa dakika chache kuliko dawa yoyote. Maumivu yanayowaka kama pilipili au yanayopiga kama shoti ya umeme kushuka mguuni ni ya mishipa, hayo tunaongezea dawa nyingine kama amitriptilini kidogo usiku. Na mfupa mmoja ukizidi, mionzi ya mara moja tu inaweza kuutuliza kwa wiki kadhaa mpaka miezi, ila inachukua siku kuanza kufanya kazi na safari ya Tanga mpaka Dar kwa mtu wa hali hiyo ni mateso, kwa hiyo hilo pimeni na daktari, kama amebakiza muda mfupi binafsi nisingempakia kwenye gari.

Chakula. Najua kinauma kwa sababu kwetu kumlisha mzazi ndo kumpenda. Lakini kama maumivu na choo vimetulizwa na bado hataki chakula, ujue baba hafi kwa sababu ya kutokula, anashindwa kula kwa sababu mwili unafunga kazi na hauwezi tena kukitumia hicho chakula. Mkimlazimisha, uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Dripu nazo watu wa nyumbani wanazipenda sana, kwa mgonjwa wa hatua hii maji mengi yanaishia kujaa miguuni na kifuani na anapumua kwa shida zaidi. Mpe anachotaka, kijiko kimoja kinatosha, mlowanishe midomo kwa pamba safi yenye maji kila mara, mpake mafuta ya mgando ili isipasuke. Hiyo ndo huduma na ni kubwa kuliko bakuli la uji.

Ikifika hatua hawezi kumeza msiache dawa mkidhani ndo basi. Kiasi kidogo cha mofini ya maji kinaweza kudondoshewa taratibu ndani ya shavu, au nesi akampa kwa njia ya chini ya ngozi, lakini muulizeni kabla hamjafika huko, msisubiri usiku wa manane. Mtasikia pengine pumzi inakoroma kama ina maji, au inasimama kidogo halafu inaanza tena, mikono inapoa. Wagonjwa wanaopumua hivyo kwa kawaida hawasikii shida, sisi tunaotazama ndo tunaumia. Mlazeni ubavu, msimuongezee mofini kwa ajili ya ule mkoromo tu, na pumzi za namna hiyo kwa mtu ambaye amekuwa akififia siku hadi siku sio dalili kwamba mmemzidishia.

Kuna mambo ambayo hayasubiri ushauri wa kuandikiana kama huu. Kama miguu imekosa nguvu ghafla, au imekufa ganzi, au hajui tena choo na mkojo vikitoka, huenda mfupa unabana uti wa mgongo, piga simu siku hiyo hiyo hata usiku, kuna dawa inayoweza kusaidia ikiwahiwa. Mkojo umegoma kabisa, wahi. Anatapika kila anachomeza ikiwemo dawa, wahi. Zile dalili za misuli kurukaruka na usingizi mzito nilizotaja juu, simu. Na kama unampa kwa saa, siku mbili nzima, na bado anahitaji dozi za katikati zaidi ya mara mbili tatu kwa siku, simu pia, dozi yake ni ndogo na inatakiwa kupandishwa na aliyeiandika. Dozi ya katikati maana yake akiumia kabla saa haijafika, kwa kawaida anapewa kiasi kile kile cha dozi moja na ile ya saa inabaki pale pale, hakikisha nesi wako amekuruhusu hilo na ameandika.

Kwa hiyo leo fanya hivi. Soma lebo, piga picha lebo na karatasi ya dawa. Mpigie aliyewapa dawa, kama hapatikani nenda hospitali ya mkoa Bombo uulizie kama kuna mhudumu wa tiba shufaa, au ulizia kupitia chama cha tiba shufaa cha Tanzania wakuelekeze aliye karibu nanyi. Muulize mambo manne tu: nguvu ya dawa hii na dozi ya saa ni sahihi, naruhusiwa dozi mbili saa nne usiku, naruhusiwa dozi ya katikati, na figo zake zikoje. Ukipata ndio, anza ratiba jioni hiyo hiyo. Nunua daftari, andika saa, kiasi, vidole alivyoonyesha kabla na lisaa limoja baada, nani ametoa. Wawe watu wawili tu wa kutoa, wewe na mdogo wako, kwa zamu, wengine wote wasiguse. Chupa ikae mbali na watoto na jua, na ikibaki theluthi anza kufuatilia nyingine maana maduka ya kawaida hayana hiyo dawa, inatoka hospitali kwa karatasi maalum. Itakayobaki mwisho irudisheni huko huko hospitali.

Na zamu ya usiku usiichukue kila siku wewe. Umesema wewe ndo unashinda nae, basi usiku alale nae mwingine.